Shajara ya mradi: kupima ufahamu wa kusikiliza na kusoma Kiingereza, Kidato cha Kwanza, Ilemela

Wiki ya kwanza, Februari

Mradi huu umetokana na swali la mwalimu mwenzetu wa Jiografia, alilolitupa katika chumba cha walimu bila hata kuinua macho kwenye madaftari aliyokuwa akisahihisha: kwa nini wanafunzi wanaopata alama nzuri za sarufi ya Kiingereza hukaa kimya kama maji ya mtungini anapowaeleza kwa Kiingereza hichohicho namna mvua inavyotokea? Sikuwa na jibu, kwa sababu shuleni kwetu hatujawahi kupima kusikiliza. Tunapima nyakati za vitenzi, tunapima insha, tunapima ufahamu wa kifungu cha habari, na hapo tunakomea, kwa kuwa hata mtihani wa taifa wa somo hili hufanywa wote kwa karatasi na kalamu. Ilhali mtoto aliyetoka shule ya msingi ya serikali amesoma masomo yote kwa Kiswahili isipokuwa Kiingereza chenyewe, na Januari anapoingia sekondari anatarajiwa kuzisikia Baiolojia, Historia na Hisabati kwa Kiingereza tangu asubuhi hadi kengele ya kutoka. Sikio ndilo linalobeba mzigo, na sikio ndilo tusilolipima.

Tumekubaliana walimu watatu, yaani mimi, mwenzangu wa Kiingereza na huyo wa Jiografia, kutengeneza vipimo viwili vya dakika 30 kila kimoja, kimoja cha kusoma na kingine cha kusikiliza, tuvijaribu kwa mkondo mmoja wa Kidato cha Kwanza wenye wanafunzi 41, tuvirekebishe, kisha ndipo tuvipeleke kwa mikondo mingine. Mkuu wa shule ametupatia rimu mbili za karatasi na vipindi vya Ijumaa mchana. Nimemweleza kwamba alama hizi hazitaingia kwenye ripoti ya mwanafunzi yeyote, kwa sababu kipimo ambacho bado chenyewe hakijapimwa hakina haki ya kumhukumu mtu. Amekubali, ingawa aliniuliza mara mbili kama nina hakika.

Wiki ya pili

Tumeanza na kusoma, kwa kuwa karatasi haihitaji umeme. Mwenzangu alipendekeza kwanza zoezi la kujaza mapengo, ambamo unachukua kifungu cha habari, unaacha sentensi ya kwanza nzima, kisha unafuta kila neno la saba na msomaji anarudishia. Ni kipimo chenye historia nchini mwetu. Clive Criper na William Dodd, waliopima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania na kutoa ripoti yao mwaka 1984, walikitumia, na walichokikuta ni kwamba wengi waliokuwa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kusomea masomo mengine. Miaka miwili kabla yao, Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilikuwa imependekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari. Pendekezo lile halikutekelezwa, na huo ni mjadala wa mahali pengine. Ninauandika hapa kwa sababu tu darasa ninalolipima ni mjukuu wa uamuzi ule.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba Wilson Taylor, Mmarekani aliyebuni kipimo hiki mwaka 1953, hakukusudia kumpima msomaji. Alikuwa akipima maandishi, kujua ni yapi mepesi na yapi magumu. Tukaamua kukitumia kwa kazi yake ya asili: tuliwapa wanafunzi vifungu vitatu vyenye mapengo ili kujua ni kipi kinachowafaa kwa kipimo chenyewe, si kujua nani anajua zaidi. Tulibishana kidogo kuhusu usahihishaji, kwani mwanafunzi mmoja aliandika "canoe" mahali ambapo mwandishi aliweka "boat", na mwenzangu alitaka neno la mwandishi pekee ndilo lihesabiwe. Nilishinda hoja hiyo kwa kumwomba asome sentensi ile kwa sauti ikiwa na "canoe" ndani yake.

Wiki ya tatu

Kifungu kilichoonekana kuwafaa zaidi kilikuwa kile nilichokitunga mimi, kuhusu familia ya Igombe inayovua na kuanika dagaa. Nilikipenda, sitaficha. Kilikuwa na sentensi fupi, maneno ya kawaida na mambo wanayoyaona kila siku, na niliamini kwamba mtoto wa ziwani akisoma habari za ziwa hatasumbuliwa na mambo mageni kama theluji na vituo vya treni za chini ya ardhi, ambavyo vimejaa katika vitabu vingine.

Mwalimu wa Jiografia ndiye aliyeniharibia furaha. Alichukua maswali kumi ya kifungu kile, akayadurufu bila kifungu chenyewe, akawapa wanafunzi wa mkondo mwingine, akawaambia wajibu vile wanavyoweza. Wengi walipata maswali sita au saba. Dagaa huvuliwa wakati gani? Usiku, hasa mwezi usipokuwepo. Wavuvi hutumia nini kuwavuta? Taa. Kwa nini mvua ni hasara kwa mwanikaji? Dagaa huoza. Hakuna mtoto wa Igombe, Kayenze wala Kirumba anayehitaji kifungu cha Kiingereza ili kuyajua hayo. Anachohitaji ni kuelewa swali tu, na maneno mawili matatu ya swali yanatosha kumfikisha.

Kwa hiyo nilikuwa nimetunga kipimo kizuri cha ujuzi wa dagaa. Nikakumbuka pia kwamba katika maswali manne kati ya yale kumi jibu sahihi ndilo lililokuwa refu kuliko mengine, kosa ambalo watunga maswali ya kuchagua hulifanya bila kujua, kwa sababu jibu sahihi tunalipamba kwa maelezo ili lisipingike na majibu ya uongo tunayaacha kama yalivyo. Mwanafunzi mzoefu wa mitihani hulinusa hilo upesi sana.

Wiki ya nne

Tumekaa na tatizo hili siku nne. Habari wanayoijua inajibika bila kusomwa, na habari wasiyoijua kabisa inampendelea mtoto mwenye televisheni nyumbani. Tulihitaji kitu kilicho katikati, yaani jambo wanalolifahamu umbo lake lakini undani wake uwashangaze.

Mwalimu wa Jiografia alileta Ziwa Baikal, na nadhani ndiyo hatua bora ya mradi mpaka sasa. Wanafunzi wetu wanajua ziwa ni nini kuliko watoto wengi duniani: wanajua mawimbi, upepo, kivuko, bei ya samaki bahari ikichafuka, kama wanavyosema wenyewe ingawa si bahari. Lakini Baikal, iliyoko Siberia nchini Urusi, inapinga karibu kila wanachokitarajia. Ziwa letu, Victoria, lina eneo la takribani kilomita za mraba 68,800, kubwa kuliko Baikal, lakini kina chake hakizidi sana mita 80, wakati kina cha Baikal kinafika mita 1,642. Majira ya baridi Baikal huganda, na magari hupita juu yake. Kuna sili wanaoishi humo, katika maji yasiyo na chumvi.

Tulipowapa wanafunzi maswali peke yake bila kifungu, wengi walianguka, kama tulivyotaka. Swali la nne liliuliza watu hutumia nini kuvuka ziwa lile mwezi Februari. Mmoja aliandika "ferry", mwingine "boat", na mwingine, mwenyeji wa Sengerema, ng'ambo ya daraja la Kigongo–Busisi, bila shaka, aliandika "bridge". Tulipowapa kifungu, waliosoma kweli waliandika gari, na waliosomasoma juu juu waliendelea na kivuko chao. Hapo ndipo nilipoona swali likifanya kazi yake: ujuzi wa nyumbani unamvuta mtoto upande mmoja, maandishi yanamvuta upande mwingine, na jibu lake linakuonyesha alimsikiliza nani.

Baada ya kukusanya karatasi, kijana mmoja wa dawati la mbele alinyoosha mkono. "Samahani, mwalimu. Barafu ya kubeba gari ina unene gani?" Nikamwambia hufikia mita moja na hata kupita. Akapima kwa mkono wake kutoka sakafuni, akacheka, akasema barafu ya Mwaloni wanayopakia sangara huyeyuka kabla lori halijafika Igoma.

Jambo moja halikwenda vizuri. Katika maswali ya kujieleza, wanafunzi kadhaa walitafuta neno la swali ndani ya kifungu, wakanakili sentensi nzima lilimokaa. Swali liliuliza kwa nini madereva huacha kupita ifikapo Mei. Sentensi yenye "May" ilikuwa na jibu ndani yake, kwa hiyo aliyenakili alipata alama zote bila kulazimika kuelewa hata neno moja. Tumeandika upya maswali matatu ili jibu litokane na kuunganisha sentensi mbili zilizo mbalimbali, na neno la swali lisionekane katika kifungu.

Wiki ya tano, Machi

Tumehamia kusikiliza. Nilichukua kifungu kingine, nikakisoma kwa sauti kwenye simu, nikakisikiliza, na nikatambua upuuzi wangu: maandishi yaliyosomwa kwa sauti si mazungumzo. Mtu anapoongea hurudia, hutua, hutangulia kukuambia jambo analokuja nalo. Maandishi yaliyobanwa hayana nafasi hizo, na hata mimi niliyeyaandika nilipoteza uzi katikati. Tukaachana nayo na kutunga vitu ambavyo kwa kawaida husikika: tangazo bandarini la kuchelewa kwa kivuko cha Nansio, kisiwani Ukerewe, maelekezo ya mwalimu maabara, na mazungumzo ya wanafunzi wawili wanaopanga kwenda maktaba. Kila rekodi itapigwa mara mbili, na wanafunzi watapewa dakika moja ya kuyasoma maswali kabla, kwani asiyejua anasikilizia nini hupimwa kumbukumbu badala ya ufahamu.

Kuhusu sauti ya nani itumike, tuliamua iwe yetu wenyewe. Tuna rekodi za Waingereza, na ni nzuri, lakini Kiingereza wanachokisikia watoto hawa kila siku ni cha walimu wa Kitanzania, na swali lililoanzisha mradi lilikuwa kama wanamwelewa mwalimu wao. Tulirekodi kwangu Kirumba. Tulianza saa kumi na moja jioni tukashindwa kwa sababu ya malori ya samaki, tukarudi saa tatu usiku tukafanikiwa. Nimepima kasi yangu: maneno kama 120 kwa dakika, polepole kidogo kuliko mazungumzo ya kawaida, na kwa Kidato cha Kwanza nadhani panatosha.

Ijumaa tukaingia darasani na spika tuliyoiazima kwa kwaya ya jirani. Tangazo la kivuko lilipigwa mara ya kwanza vizuri. Mara ya pili, katikati ya neno, mvua ikashuka juu ya bati. Darasa letu halina dari. Aliyewahi kufundisha chini ya bati la Mwanza mwezi Machi anajua kwamba mvua ya ziwa haitoi hodi; inaanza ikiwa imekwisha kukolea. Nilipandisha sauti ya spika mpaka ikaanza kukwaruza, nikaona midomo ya wanafunzi ikisogea bila kusikia wanachosema. Tukasimamisha. Karatasi 41 zimeharibika, yaani zimeshaonwa, na toleo hilo la maswali haliwezi kutumika tena kwa mkondo huo.

Lakini nilizisahihisha sehemu ile ya kwanza kwa udadisi, nikazipanga kwa mistari ya madawati. Mistari miwili ya nyuma ilikuwa chini mno kuliko ya mbele, hata kwa wanafunzi ninaowajua kuwa wazuri. Kama mvua isingenyesha, ningeandika kwenye kumbukumbu zangu kwamba wanafunzi hao wana ufahamu hafifu wa kusikiliza, na kumbe walikuwa mbali na spika tu.

Wiki ya sita

Tumehamia chumba cha maktaba, kidogo lakini kina dari, na wanafunzi wanaingia nusu kwa nusu, spika ikiwa katikati badala ya mbele. Inachukua vipindi viwili badala ya kimoja. Umeme ulikatika kwa kundi la pili. Spika ina betri, tukaendelea.

Wiki hii ndiyo iliyoleta ubishi mkubwa. Nilipendekeza nusu ya darasa wajibu maswali ya tangazo kwa Kiingereza na nusu nyingine wajibu kwa Kiswahili. Mwalimu wa taaluma alisimama mlangoni akasoma karatasi.

"Mwalimu, mtihani wa Kiingereza unaojibiwa kwa Kiswahili ni mtihani gani huo?"

Nikamjibu kwamba ni wa kusikiliza Kiingereza, si wa kukiandika, na kwamba nikimtaka mtoto asikie, aelewe, halafu aandike sentensi sahihi, basi akikosea sitajua amekwama wapi kati ya hatua hizo tatu. Hakuridhika. Alisema wazazi wakiona watadhani tumelegeza kamba, na siwezi kusema hofu yake haina msingi, kwa sababu katika mji huu Kiingereza ndicho kinachouza shule.

Tulifanya hata hivyo. Swali lilikuwa kwa nini kivuko kimechelewa. Msichana mmoja wa kundi la Kiingereza, ambaye hujificha nyuma ya wenzake, aliandika maneno mawili: "because wave". Kwa mwongozo wetu wa awali alipata nusu alama. Nilimwita baadaye nikamwomba anieleze kwa Kiswahili alichosikia. Akasema: "Wametangaza kwamba ziwani kuna mawimbi makubwa, kivuko kipo Nansio, hakijaondoka, kwa hiyo wenye mizigo ya kuharibika waende ofisini wakaongee." Hayo ndiyo maudhui yote ya tangazo, na mzigo wa kuharibika hata haukuwa na swali. Kwa upande mwingine, katika kundi la Kiswahili wapo walioandika aya nzuri kabisa zisizohusiana na kilichosemwa, jambo ambalo lilinyamazisha shaka yangu kwamba Kiswahili kingewarahisishia wote.

Tumekata shauri hivi: Kidato cha Kwanza watajibu maswali ya kusikiliza kwa lugha watakayoichagua, na sarufi haitakatwa alama ikiwa maana imeeleweka. Tukikifikisha Kidato cha Pili, huko watajibu kwa Kiingereza kifupi. Mwalimu wa taaluma ameomba ziwekwe safu mbili za alama, ya kuelewa na ya kuandika. Ni wazo zuri kuliko langu, na nimemwambia hivyo.

Wiki ya nane, Aprili

Wiki ya saba ilikuwa ya mitihani ya katikati ya muhula, hatukufanya lolote.

Sasa tuna karatasi zote 41 za vipimo vyote viwili, na tumeanza kuchunguza swali mojamoja. Njia ni ya zamani na haihitaji kompyuta: unazipanga karatasi kwa jumla ya alama, unachukua asilimia 27 za juu na asilimia 27 za chini, sehemu aliyoipendekeza Truman Kelley mwaka 1939, kisha unahesabu kwa kila swali wangapi wa juu na wangapi wa chini walipata. Kwetu ni karatasi 11 kila upande. Swali zuri hupatwa na wengi wa juu na wachache wa chini. Swali linalopatwa na wote au kukoswa na wote halikuambii kitu.

Tulizitandaza juu ya meza ya maktaba, mwenzangu akisoma, mimi nikipiga vijiti. Baikal imetoka salama, isipokuwa swali moja jepesi mno tulilolifuta. Kwenye kusikiliza tulienda vizuri mpaka swali la sita: abiria watasubiri kwa muda gani kabla ya kukaguliwa tiketi? Majibu yalikuwa dakika 5, 15, 30 na 50, na sahihi ni 15. Wa chini waliolipata walikuwa wanane. Wa juu, watatu.

Mwenzangu alihesabu tena, ikawa vilevile. Nikadhani tumekosea mwongozo, nikaufungua, 15 imeandikwa. Wa juu waliobaki karibu wote walikuwa wamechagua 50. Tukachukua simu tukasikiliza tangazo. Mwenzangu akanitazama, akanyamaza, akarudisha nyuma, akapiga tena. Niliyekuwa nikisema "fifteen" nilikuwa nasema "fifty". Mkazo niliuweka kwenye silabi ya kwanza kama wa "fifty", na ile "n" ya mwisho niliimeza, na irabu ndefu niliifupisha, kwa kuwa Kiswahili kina irabu tano na hakitofautishi kwa urefu namna Kiingereza kinavyofanya, na ulimi wangu, baada ya miaka yote hii ya kufundisha somo hili, bado ni wa nyumbani.

Waliosikiliza kwa makini walisikia nilichokisema, wakakiandika, nikawakata alama. Ambao hawakusikia vizuri walitumia akili ya kawaida, kwamba hakuna atakayesubiri dakika 50 kukaguliwa tiketi tu, wakachagua 15, nikawapa alama. Nimerudisha alama kwa wote waliochagua 50 na swali tumeliondoa kwenye hesabu. Mwalimu wa Jiografia alipoambiwa alicheka mpaka akavua miwani, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama naye darasani husema hivyohivyo. Tumekubaliana kurekodiana vipindi.

Kabla ya kufunga wiki nilipiga hesabu ya uthabiti, yaani kama kipimo kingetoa matokeo yaleyale kikirudiwa, kwa kutumia fomula ya Kuder na Richardson ya mwaka 1937, ambayo huitwa ya 20 kwa sababu tu ilikuwa ya ishirini katika makala yao. Kipimo cha kusoma kinaridhisha. Cha kusikiliza kinayumba, na sababu iko wazi: kimebaki na maswali 15, na kipimo kifupi huyumbishwa na bahati. Tunahitaji angalau rekodi mbili zaidi.

Wiki ya tisa

Tumetunga rekodi mbili mpya, ya fundi baiskeli akimweleza mteja tatizo la mnyororo, na ya mwalimu akitangaza mabadiliko ya ratiba ya michezo. Hesabu za namba zinazofanana tumeziepuka pote isipokuwa mahali pamoja, ambapo tunakusudia kabisa kupima tofauti hiyo, na hapo msomaji si mimi.

Jana usiku saa tatu tulirudia tangazo la kivuko. Madam, yaani mwenzangu wa Kiingereza, alikaa karibu na dirisha lililofungwa kwa blanketi, akalisoma mara tatu. Ya kwanza alikuwa sahihi lakini kwa kasi. Ya tatu mbwa wa jirani walibweka kwenye neno lilelile la "fifteen". Tumechukua ya pili, nimeinakili kwenye flashi mbili, moja ya kwangu na moja ya kabati la maktaba. Ijumaa tunaanza na mkondo wa pili, nusu ya kwanza saa saba, nusu ya pili saa nane, mvua ikituruhusu.